Miaka Niliyovaa Marashi ya Bi Gunvor

Divine ameniomba niandike haya kwa Kiswahili. Ndiye aliyechukua nafasi yangu karakanani. Amezaliwa Hallunda, hukuhuku Sweden, kwa wazazi Warundi, kwa hiyo Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu hujibu kwa Kiswidi. Anasema mimi nikiandika Kiswidi nasikika kama barua ya manispaa ya kutangaza kwamba maji yatakatwa. Sina ubishi. Basi Divine, na yeyote atakayekuja baada yako, someni taratibu. Mimi nimestaafu juzi tu na sina mahali pa kukimbilia.

Kazi yangu ilikuwa kuvaa marashi. Nilipowaambia hivyo watu wa msikitini mtaani kwetu Tensta, walidhani nimekosea neno la Kiswidi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Karakana ndogo inayotengeneza kwa mkono mafuta ya kujipaka na manukato ya nyumbani inahitaji mtu wa kuyavaa kabla hayajamfikia mnunuzi. Ayavae siku nzima, kwenye treni, kwenye baridi, jikoni na kitandani, kisha aandike yalivyomtendea. Chupa haisemi kitu. Ngozi ndiyo inayosema.

Kabla ya hapo nilikuwa nachanganya rangi za ukutani katika duka moja la Spånga. Nilikuja Sweden kijana kusomea mambo ya mbao, nikaishia kwenye makopo ya rangi, na nilikuwa nimeridhika. Siku moja akaingia mama mmoja mrefu, miwani juu ya kipaji cha uso, anatafuta vanishi ya rafu. Nilipokuwa nampimia, nikamwambia, bila kufikiri, kwamba mafuta aliyojipaka yana ua ambalo bibi yangu kule Tanga alikuwa akilitia kwenye kanga zake.

"Ua gani?" akauliza.

"Langilangi. La njano, majani yake yamejipinda kama vidole vya mzee."

Akaweka vanishi chini. "Na kingine?"

"Kingine ni mbao iliyonyeshewa."

"Msonobari au mwaloni?"

"Msonobari," nikasema. Hapo angalau masomo yangu yalinifaa.

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko Waswidi wanavyomtazama mtu wasiyemjua, kisha akaniuliza kama nina mkataba wa kudumu pale dukani. Huyo ndiye Gunvor, mwenye karakana, aliyenifundisha kila ninachokijua. Vanishi aliisahau kwenye kaunta.

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla ya saa nne asubuhi. Gunvor aliniosha mikono mpaka kwenye viwiko, akanidondoshea tone moja kwenye kunjo la mkono wa kushoto na tone jingine la chupa nyingine kwenye mkono wa kulia, akaandika A na B kwa kalamu ya wino kwenye ngozi yangu, akanipa daftari.

"Usile kitunguu kibichi. Usijinuse kila dakika. Ishi tu," akasema. "Kesho uniambie."

Nikapanda treni ya reli ya bluu nikiwa na herufi mikononi kama mzigo wa posta. Vituo viwili mbele, mwanamke aliyekaa mkabala nami akainuka, akaenda kukaa mwisho wa behewa. Nikaandika: "A. Dakika ya ishirini. Abiria amehama." Kesho yake Gunvor aliposoma alicheka mpaka akaketi. Akasema hiyo ndiyo taarifa bora kuliko zote alizowahi kupata, na A haikuonekana tena.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Mke wangu, Mwanahamisi, alikuwa akifanya kazi kwenye jiko la shule na pua yake ilikuwa imezoea kujua maziwa yanayotaka kuharibika kabla hayajajijua yenyewe. Nilivua koti, akasimama mbele yangu.

"Baba Zuhura, huu mkono wa kushoto umetoka kwa nani?"

"Kazini."

"Na wa kulia?"

"Kazini vilevile."

"Basi hiyo kazi yako ina wake wawili."

Wiki nzima hakusadiki. Jumamosi nikampeleka karakanani akajionee. Alimkuta Gunvor amevaa aproni na viatu vya mpira, anasugua beseni, nywele zimemsimama kama ufagio. Mwanahamisi akatulia papo hapo. Kuanzia siku ile akawa mkosoaji wangu mkuu, na mengi ya maneno mliyoyasifu kwenye madaftari yangu ya zamani nilimwibia yeye. "Inanukia kama shemeji anayejidai" ni lake. "Imekuja vizuri ikaondoka bila kuaga" ni lake pia. Hajawahi kupewa hata asante, na mimi sikuwahi kukumbusha.

Jambo jingine la siku zile. Sweden kila mtu huitwa jina lake tupu, hata mkubwa wa kazi. Ulimi wangu ulikataa. Mama aliyenizidi umri namna ile siwezi kumwita Gunvor hivihivi, nikawa namwita Bi Gunvor. Ilipita karibu mwaka mzima ndipo akaniuliza, kwa upole sana, kwa nini namwita nyuki. Kumbe "bi" kwa Kiswidi ni nyuki. Nilipomweleza maana yake kwetu akafikiri kidogo, akasema niendelee, maana zote mbili zinamfaa.

Vifaa ni vile mnavyovijua: pipeti ya kudondoshea matone, mizani ndogo, chupa za kahawia, vikaratasi vya kunusia. Lakini kifaa kikubwa ni hali ya hewa, na hicho hamwezi kukiosha. Mafuta yaliyoimba mwezi wa Julai huwa bubu Januari. Baridi huyalaza kwenye ngozi, halafu ukiingia ndani, mabomba ya joto yanayaamsha yote kwa mpigo, na mtu uliyemtembelea anadhani umeoga kwa marashi kwenye ngazi zake. Skafu ya sufu hushika harufu wiki nzima, kwa hiyo msijaribu kitu kipya na skafu ya jana. Pua ikichoka, nuseni mkono wenu wa shati. Yale maneno ya kunusa buni za kahawa ni ya kufurahisha wageni.

Na jifunzeni maneno yenu. Kiswahili kimetupa kunukia na kunuka, Kiswidi nacho kina *dofta* na *lukta*. Lugha mbili zisizojuana zimekubaliana kwamba kuna mpaka. Kazi yetu ni kusimama kwenye huo mpaka na kuripoti nani anavuka.

Manukato ya nyumbani nilijaribia kwangu, ghorofa ya tatu. Nilipewa mishumaa, vijiti vya kusimamisha kwenye chupa, maji ya kunyunyizia mashuka. Siku moja Bi Gunvor akataka kujua udi halisi unafanyaje ndani ya nyumba ya Kiswidi, nikatoa chetezo cha mke wangu, nikatia mkaa. Kilichotokea ni kwamba king'ora cha moshi kilijua kazi yake vizuri kuliko mimi. Nilisimama juu ya kiti napunga kanga, Zuhura, binti yetu, amejiziba masikio na kunifokea kwa Kiswidi, Mwanahamisi yuko mlangoni anawaambia majirani kwamba hakuna moto, ni mume tu.

Baada ya hapo nikawa nangoja karatasi. Mnawajua Waswidi: ukikosea kwenye jengo, huambiwi usoni, unabandikiwa karatasi kwenye chumba cha kufulia. Kweli ikabandikwa. Nikaisogelea na kikapu changu cha nguo kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Ilikuwa imeandikwa: "Kwa yule anayenukisha ngazi. Ni kitu gani, na kinapatikana wapi?" Nikaing'oa, nikaibandika kwenye daftari la kazi. Ipo mpaka leo, kurasa za katikati.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Divine ameniuliza mara tatu nami nikamkwepa mara tatu.

Bi Gunvor alikuwa na mafuta aliyoyahangaikia kwa muda mrefu, mafuta ya majira ya baridi: moshi kidogo, matunda makavu, karafuu. Vuli moja akawa kila wiki ananipa jaribio jipya, na kila jaribio karafuu imezidi. Naandika: "Karafuu iko mbele." Yeye anajibu: "Karafuu haitoshi." Nikadhani ni mimi. Kunjo la mkono likaanza kuwasha, maana mafuta ya karafuu yakizidi yanachoma, nikadhani ni baridi. Mwanahamisi ndiye hakudhani.

"Unanuka kama mtu aliyetoka kung'olewa jino," akasema.

Asubuhi moja nikamwandalia Bi Gunvor vikaratasi vitatu. Simu ikalia, nikaenda kupokea, nikarudi nikampa vyote. Cha kwanza akasema kitu. Cha pili akasema kitu. Cha tatu akakiweka chini ya pua, akafumba macho.

"Hapa karafuu imejificha nyuma ya moshi," akasema. "Utamu unakuja mwisho, kama zabibu zilizosahaulika kwenye sahani. Ongeza karafuu."

Nikaitazama pipeti. Ilikuwa kavu, na chupa ya tatu ilikuwa bado imefungwa. Kile kikaratasi nilikuwa sijakichovya.

Nilipaswa kusema pale pale. Mama huyu alikuwa hana mume wala mtoto. Alikuwa na pua, na watu walitoka hata miji mingine kuja kuisikiliza. Nikasema, "Sawa." Hilo tu. Na mafuta yalipokamilika, nikayavaa, mkono ukawa mwekundu chini ya shati, nikaandika kwenye daftari: "Yamevaliwa siku nzima. Yako sawa. B." Hiyo B ni mimi, Bakari. Nilijiambia ni heshima. Ilikuwa woga uliovaa nguo za heshima.

Chupa zikaenda kwenye soko la Krismasi. Baada ya siku chache akaingia karakanani mwalimu mmoja wa chekechea, mwanamke wa makamo. Hakupaza sauti. Akafungua skafu. Shingo yake, pande zote mbili, ilikuwa kama imepitishwa pasi.

"Sitaki kitu," akasema. "Nilitaka tu mjue, kwa ajili ya wengine."

Angetukana ningepona. Bi Gunvor akageuka kwangu. "Bakari, uliyavaa haya?"

"Niliyavaa."

"Kunja mkono wa shati."

Nikakunja. Alama ilikuwa bado ipo. Bi Gunvor akaitazama, kisha akaitazama shingo ya yule mama, akamwomba radhi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi hakuketi.

"Kwa nini uliandika yako sawa?"

Nikamwambia yote. Kikaratasi kikavu, chupa iliyofungwa, zabibu kwenye sahani. Alisikiliza huku akifungua kamba ya aproni, polepole, kama kamba ina mafundo mengi.

"Pua yangu ilikuwa inafanya kazi hii," akasema, "wakati wewe bado unafukuzana na mbuzi huko kwenu."

"Sikuwahi kuwa na mbuzi, Bi Gunvor."

"Nenda nyumbani, Bakari."

Nikaenda. Siku ya kwanza nilijiona nimeonewa. Siku ya pili nikamsimulia Mwanahamisi nikitarajia kupozwa. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Ulimficha mtu ugonjwa wake mwenyewe," akasema. "Na ukamwachia usukani."

Siku ya tatu nikachukua treni mpaka karakanani. Palikuwa pamefungwa, mlangoni ameandika kwa mkono kwamba hakuna kuuza mpaka atakapotangaza. Nilikuwa na ufunguo. Nikafungua daftari kwenye ule ukurasa, na chini ya uongo wangu nikaandika: "Si kweli. Yalichoma. Niliogopa kumwambia Gunvor kwamba hanusi. B." Nikaliacha wazi mezani, nikarudi nyumbani.

Jumamosi mchana kengele ya mlango ikalia. Bi Gunvor, aliyekuwa hajawahi kukanyaga Tensta katika miaka yote ile, amesimama kwenye ngazi, theluji kwenye mabega, daftari kwapani.

"Nimesoma," akasema, akavua viatu.

Mwanahamisi alikuwa anapika pilau. Bi Gunvor akapita moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni, akasimama pale akiangalia sufuria.

"Nasikia mafuta yanalia," akasema. "Lakini sinusi kitu. Tangu yale mafua ya wakati wa Pasaka. Kila asubuhi nafungua chupa ya limau nikidhani leo itarudi."

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Mwanahamisi akavuta kiti kwa mguu, mwiko mkononi.

"Kaa," akamwambia kwa Kiswidi chake cha jikoni shuleni. "Nitakuambia."

Akamwambia. Kitunguu kimeshakuwa cha kahawia, kinakaribia kuwa kitamu. Bizari nzima inanukia kama nguo iliyokauka juani. Iliki ni sita lakini moja ilikuwa tupu ndani. Karafuu ni tatu, na pilipili manga. Bi Gunvor alifumba macho, akawa anauliza.

"Mdalasini umetiwa lini?"

"Mwanzo, pamoja na kitunguu."

"Basi unafika mwisho. Baada ya nyama."

Mwanahamisi akainamia sufuria, akanusa, akanusa tena. "Mwisho kabisa," akasema kwa mshangao. "Kwa nyuma."

Bi Gunvor akafumbua macho, akanigeukia. "Kichwa kipo, Bakari. Pua ndiyo imeondoka."

"Pua ninayo mimi."

"Hiyo pua inasema uongo."

"Ilisema mara moja."

"Mara moja ndiyo iliyowachoma watu shingo," Mwanahamisi akasema, kwa Kiswidi makusudi, ili wote wawili tuelewe. Kisha akapakua.

Jumatatu tukaanza upya. Tuliwapigia simu wanunuzi wote tuliowapata na kuzirudisha chupa karakanani. Wateja wengine hawakurudi, na walikuwa na haki. Bi Gunvor mwenyewe aliwaambia waliobaki kwamba hanusi tena. Wapo waliolia, jambo lililomkera. Daktari alimwambia asingoje sana pua irudi. Hakungoja. Akawa anatunga kwa kumbukumbu, kama mtu anayejua nyumba yake gizani, na mimi nikawa namwambia fanicha iko wapi. Alinipiga marufuku neno "nzuri". Mpaka leo halimo kwenye daftari, na wewe Divine ukilitumia nitajua. Ukitaka kusema nzuri, sema imefanya nini: imekaa wapi kwenye ngozi, imekukumbusha nani, saa ngapi imechoka.

Tulifanya kazi hivyo kwa miaka mingi, na mafuta bora ya karakana yale ni ya wakati huo. Wanaosema hivyo ni wavaaji, mimi nanukuu tu. Yule mwalimu wa chekechea alirudi baada ya misimu miwili. Nilimpaka tone moja kwenye kifundo cha mkono, nikamwomba akae nami nusu saa nzima kabla ya kununua. Akakaa. Tulizungumza habari za watoto na mavazi ya theluji, na ngozi yake ikabaki kama ilivyokuwa.

Bi Gunvor alipochoka kabisa aliiacha karakana kwa mpwa wake, akahamia Hässelby, mwisho wa reli ya kijani. Mimi humtembelea mara kwa mara. Kila nikienda hunichukua nje, na kila tukitoka huniuliza: hii bustani, ule mkate, lile koti la mwanamke aliyepita. Mimi namwambia, yeye anakosoa maneno yangu.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilikwenda. Yale maua ya zambarau wanayoyaita *syren* yalikuwa yamechanua pande zote za njia, mazito, yanaangukia benchi tulilokalia. Harufu ilikuwa nyingi kiasi kwamba hata mbwa wa watu walikuwa wanasimama. Nikamimina kahawa kwenye vikombe viwili, nikajiweka sawa, nikaanza kwa mazoea.

"Inafungua kwa ubaridi, kama—"

Bi Gunvor akaweka mkono juu ya mkono wangu wa shati.

"Leo usiniambie," akasema.

"Kwa nini?"

"Umestaafu. Nusa tu."

Akafumba macho kwenye jua. Tukakaa. Nikayanusa maua yale mpaka kahawa ikapoa, na sikumwambia neno.